Ruta ya mzee kule Tanga: simu inasema usalama wa Wi-Fi ni dhaifu, nianzie wapi?

#1 mtoto_wa_mwalimu (mleta uzi)

Wakuu habari za jioni.

Nimekuja Tanga kuwasalimia wazee na nimekutana na jambo limeninyima raha. Natumia iPhone. Nilipoiunga kwenye Wi-Fi ya nyumbani, chini ya jina la mtandao likatokea onyo kwamba usalama wake ni dhaifu. Dar sijawahi kuliona. Simu ya mdogo wangu ni Android ya zamani kidogo, yenyewe haisemi kitu.

Ruta imepigiliwa ukutani juu ya friji tangu 2011, mwaka aliostaafu mzee. Plastiki imeshageuka njano na antena moja imefungwa na gundi ya karatasi. Nilipomwambia mzee kuna tatizo akanyanyua macho, akaziangalia zile taa, akasema: "Zote zinawaka. Tatizo liko wapi?" Sikuwa na jibu la kumridhisha.

Kinachoniuma ni hiki. Chumba cha mbele mama amefungua steshenari. Watu wanaleta vitambulisho vya taifa kutoa nakala, vyeti vya kuzaliwa, barua za kazi, fomu za mikopo ya wanafunzi. Anaskani, anasahihisha, anatuma kwenye printa, na yote yanapita kwenye Wi-Fi hiyo hiyo.

Nimefungua 192.168.1.1 kwenye brauza, jina admin, nenosiri admin, ikanipokea kama mwenyeji. Upande wa usalama wa Wi-Fi imewekwa WPA na WPA2 kwa pamoja, TKIP+AES. WPS (ile njia ya kujiunga kwa kitufe au PIN) imewashwa. Nenosiri la Wi-Fi ni namba ya simu ya mama, ile ile iliyoandikwa kwenye bango la duka.

Nibadilishe nini? Au ninunue mpya? Mzee habari ya kununua hataki kuisikia.

#2 fundi_waya

Mkuu, kabla hujagusa chochote, piga picha kwa simu kila ukurasa wa mipangilio, hasa ule wenye jina na nenosiri ulilopewa na mtoa huduma wa intaneti. Nimeitwa nyumba nyingi ambako mtu ameriseti ruta kwa kijiti, akarudi kwenye mipangilio ya kiwandani, na karatasi ya mtoa huduma haijulikani ilipo. Familia inakaa siku tatu bila intaneti.

Pili, unga laptopu kwa waya. Ukibadilisha usalama ukiwa kwenye Wi-Fi utakatika katikati ya kazi.

Tatu, badilisha hiyo admin/admin leo. Si kesho. Mtu yeyote aliyepewa Wi-Fi, hata mteja aliyeomba dakika tano, anaweza kuingia humo na kubadilisha DNS, ile huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani yake. Akishafanya hivyo, ninyi mnaandika anwani ya tovuti mnayoijua, yeye ndiye anayeamua mnapelekwa wapi. Na uangalie kama usimamizi wa mbali umewashwa, uuzime.

Hayo mengine nitarudi usiku nikitoka kazini.

#3 kijana_sinza

Mbona rahisi tu. Ficha jina la Wi-Fi lisionekane, halafu weka orodha ya MAC (namba ya utambulisho ya kila kifaa) za vifaa vyenu, kifaa kisichokuwa kwenye orodha hakiingii. Mimi nimefanya hivyo mwaka wa nne huu, sijawahi kuibiwa bando.

#4 fundi_waya

Nimerudi. Kijana, nakuheshimu, ila hayo mawili usimpe mtu kama ulinzi. Jina lililofichwa hutamkwa hewani kila kifaa chenu kinapojiunga, na anayesikiliza analipata. MAC nayo husafiri wazi kwenye kila pakiti hata kama ndani yake kumesimbwa. Mtu anainakili ya simu yako, anaivaa, anaingia. Na kuna hasara nyingine: simu iliyozoea mtandao uliofichwa inabaki ikiuliza jina hilo kila inapokwenda, sokoni, kwenye daladala.

Sasa mleta uzi, nikueleze hizo herufi, maana ukizielewa utajua cha kumjibu mzee.

Kufuli la kwanza la Wi-Fi lilikuwa WEP, lilikuja na kiwango chenyewe cha Wi-Fi mwaka 1997. Kila pakiti ilifungwa kwa ufunguo wenu pamoja na namba ndogo ya kuanzia yenye biti 24. Biti 24 ni namba 16,777,216 tu. Kwenye mtandao wenye kazi nyingi zinakwisha ndani ya saa chache, zinaanza kujirudia, na namba zikijirudia mwenye kusikiliza anaanza kulinganisha. Mwaka 2001 Fluhrer, Mantin na Shamir walionyesha kwamba ufunguo wenyewe unaweza kuchotwa. Kufika 2007 watafiti wa Darmstadt, Ujerumani, waliupata kwa chini ya dakika moja.

WPA ilitolewa 2003 kama kiraka. Nia ilikuwa kuokoa mamilioni ya vifaa vilivyokwisha kuuzwa, kwa hiyo TKIP, njia ya kusimba ya WPA, ilitengenezwa iweze kukaa kwenye chipu zile zile za WEP kwa kubadilisha programu tu. Kwa wakati ule ilikuwa kazi nzuri sana na nawaheshimu walioifanya. Lakini ndani yake kuna RC4, njia ile ile ya kusimba ya WEP. Mwaka 2008 Beck na Tews walipata upenyo wa kwanza, na 2015 Vanhoef na Piessens wakaonyesha kwamba inavunjika ndani ya saa moja.

WPA2 yenye AES, njia mpya ya kusimba, ilifuata 2004. Hiyo ndiyo jengo jipya, na kuanzia Machi 2006 kila kifaa kinachotaka nembo ya Wi-Fi lazima kiwe nayo. Ndiyo maana ruta ya mzee, ya 2011, inayo.

Ugonjwa wenu uko kwenye neno "pamoja". Ruta ikiwekwa TKIP+AES, kila kifaa huongea kwa kufuli lake, lakini matangazo yanayokwenda kwa vifaa vyote mara moja inabidi yafungwe kwa lugha ambayo hata kile dhaifu kabisa kinaielewa. Yaani TKIP. iPhone yako inaona hilo, inakwambia.

Kwa hiyo: WPA2 peke yake, AES peke yake, WPS zima, nenosiri jipya. Hapo mzee hatoi hata shilingi.

#5 kijana_sinza

Nimekuelewa kuhusu MAC, asante fundi. Lakini swali la kweli: siku hizi benki, barua pepe, WhatsApp, vyote vimesimbwa vyenyewe. Hata mtu akivunja Wi-Fi ataona nini?

#6 steshenari_moro

Hilo naomba nilijibu mimi, maana niko kwenye biashara hiyo hiyo, Morogoro.

Benki sawa, ina kufuli lake. Printa je? Printa nyingi za ofisini tunapozipelekea kazi kutoka kwenye laptopu, hasa hizi za zamani, hupokea kurasa zikiwa tupu kabisa, hazijafungwa na chochote. Kufuli pekee lililopo njiani ni la Wi-Fi. Mtu akishakuwa ndani ya mtandao wako anaikusanya ile kazi na kuifungua upya kama karatasi kamili, na picha ya mwenye kitambulisho ikiwemo.

Nililijua hili siku kijana mmoja wa chuo aliponionyesha kwenye duka langu mwenyewe, kwa ruhusa yangu. Alitumia laptopu ya kawaida. Nikaprinti cheti cha ndoa cha mfano, baada ya muda mfupi kikawa kwenye kioo chake, na muhuri unasomeka. Nilifunga duka mapema siku hiyo. Wateja wananiachia vyeti vya watoto wao mezani wakaenda kununua mboga, wananiamini.

Mleta uzi, mwambie mama. Bando likiibwa ataliona limekwisha, ila karatasi ya mteja ikichukuliwa njiani hakuna atakayejua.

#7 mpwani_kisauni

Nawasalimu kutoka Mombasa. Mimi nitilie mkazo WPS, kwa sababu ndiyo iliyoniingiza mashakani.

Nyumba ninayokaa ina wapangaji kumi na wawili. Nenosiri langu lilikuwa refu, herufi ishirini na kitu, nilikuwa nimejitahidi. Hata hivyo kila nikibadilisha, baada ya siku mbili tatu naona vifaa nisivyovijua. Nilikosana na jirani yangu bure kwa kumshuku. Kumbe mlango haukuwa nenosiri, ulikuwa ile PIN ya tarakimu 8 iliyobandikwa chini ya ruta.

Tarakimu 8 mtu anadhani ni namba milioni mia. Lakini ruta huzikagua kwa vipande viwili: nne za kwanza inakujibu sawa au si sawa, kisha zinazobaki. Ya nane ni ya ukaguzi tu, inakokotolewa kutoka kwa hizo saba. Kwa hiyo ni majaribio 10,000 ya kwanza na 1,000 ya pili, jumla 11,000. Stefan Viehböck aliyatangaza haya Desemba 2011. Ukiipata PIN, ruta yenyewe inakukabidhi nenosiri, hata liwe refu vipi. Ndiyo maana kubadilisha hakukunisaidia.

Na angalizo: kuna ruta za zamani ambazo menyu inasema WPS imezimwa na huku bado inajibu. Ukishaizima, chukua simu ya Android, weka programu ya kupima Wi-Fi, tazama mabano karibu na jina la mtandao wenu. Neno WPS likiwa bado lipo, haijazimika.

Jirani nilimwomba radhi.

#8 kijana_sinza

Mpwani hiyo programu ya kujaribu PIN inaitwaje? Nataka kupima ya mtaani.

#9 fundi_waya

Pima ya kwako. Ya jirani bila idhini yake ni kosa, Tanzania kuna Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 na Kenya wana yao ya 2018. Tusiuharibu uzi wa watu.

Turudi kwenye namba ya simu ya mama. Kwa WPA2 mtu hahitaji kukaa mlangoni kwenu akijaribu moja moja. Ananasa yale mazungumzo mafupi ya kifaa kinapojiunga, anaondoka nayo, anayajaribu nyumbani kwake. Kadi nzuri ya michoro hujaribu maneno laki kadhaa kwa sekunde. Namba zetu huanza na 06 au 07, zinabaki tarakimu nane, jumla uwezekano milioni 200. Hiyo ni kazi ya dakika, haifiki nusu saa. Na yenu iko kwenye bango, hata kadi haihitajiki.

Nenosiri linaweza kuwa na herufi 8 hadi 63. Chukueni maneno manne au matano ya kawaida yasiyohusiana, myaunganishe. Methali hapana, mashairi hapana, aya hapana, kwa sababu hayo ndiyo yanayowekwa kwenye orodha za kujaribia. Na jina la Wi-Fi libadilishwe pia lisibaki lile la kiwandani, kwa kuwa jina huchanganywa ndani ya ufunguo, na majina ya kiwandani watu wameshayaandalia majedwali tayari.

#10 mtoto_wa_mwalimu

Wakuu, nimefanya jana saa nne usiku duka likiwa limefungwa. Picha nilipiga, waya niliazima. WPA2 peke yake, AES peke yake, WPS nimezima na kwenye simu haionekani tena. Nenosiri la msimamizi limebadilika. Lile onyo kwenye iPhone limeondoka palepale.

Nenosiri jipya la Wi-Fi mzee ndiye aliyelitunga. Nilimsomea maneno ya fundi kuhusu methali akanyamaza kidogo, maana alikuwa ameshaandika moja kwenye karatasi. Akaifuta, akakaa kibarazani, akarudi na maneno matano ambayo naapa hakuna mtu duniani atakayeyaweka pamoja. Ameyaandika kwa mwandiko wa ubaoni, karatasi iko kwenye kabati la mama.

Jambo moja limenishangaza: intaneti imekuwa nyepesi. Kutoka laptopu kwenda kompyuta ya duka faili linakwenda kwa kasi ambayo hatujawahi kuiona. Imetokana na hili au najidanganya?

Ila asubuhi printa imegoma. Inaona jina, inakataa kujiunga. Ina miaka mingi kuliko ruta. Mama alipoteza wateja watatu, wanafunzi wenye fomu, kabla ya saa tatu, ikabidi nirudishe TKIP+AES. Nimevunjika moyo.

#11 fundi_waya

Hujidanganyi. Kifaa cha kizazi cha n (kiwango cha Wi-Fi kiitwacho 802.11n) kikitumia TKIP hushushwa hadi megabiti 54 za zamani. Ukienda AES kinaachiwa.

Printa ndiyo ilikuwa sababu ya mtu fulani kuweka "pamoja" miaka hiyo, nakuhakikishia. Nyumba nzima imekaa na kufuli dhaifu kwa ajili ya kifaa kimoja. Tena ndicho hicho kinachobeba vitambulisho vya watu.

Usiibembeleze kwa Wi-Fi. Igeuze. Nyuma yake kuna tundu la USB? Kuna tundu la waya wa mtandao?

#12 mtoto_wa_mwalimu

Nimeichomoa ukutani, ina vumbi la miaka. Yote mawili yapo.

#13 steshenari_moro

Basi umemaliza. Waya wa mtandao kutoka kwenye ruta hadi kwenye printa, kisha kwenye menyu ya printa zima Wi-Fi yake kabisa. Laptopu ya mama itaendelea kutuma bila waya, lakini kipande cha hewani kitakuwa laptopu hadi ruta, chenye AES, na kilichobaki ni waya. Kama ruta iko mbali, USB kwenye kompyuta ya mezani na uishirikishe kutoka hapo. Mimi natumia hii ya pili kwa sababu kuchimba ukuta wa mwenye nyumba sikuruhusiwa.

#14 mpwani_kisauni

Naongeza swali kwa fundi. Programu ya ndani ya ruta ya mzee, ina sasisho? Yangu ya mwisho ilikuwa 2013. Nimesikia watu wanaweka OpenWrt, ile programu huria ya ruta.

#15 fundi_waya

Sasisho tafuteni kwenye tovuti ya mtengenezaji kwa modeli na namba ya toleo iliyo chini ya ruta, toleo ni muhimu, ukikosea unaiua. Kwa ruta ya 2011 msitarajie kitu kipya.

OpenWrt naipenda kwa moyo wote na nimeokoa nayo ruta nyingi. Lakini nyingi za umri ule zina MB 4 za hifadhi na MB 32 za kumbukumbu, na toleo la 19.07 ndilo la mwisho kuzikubali. Nalo halipati marekebisho tena. Utakuwa umebadilisha programu ya zamani kwa programu nyingine ya zamani. Yenye MB 16 na 128, hapo ndiyo, jaribu.

Halafu msisahau vifaa. Lile shimo la WPA2 la Oktoba 2017, KRACK, dawa yake zaidi iko kwenye simu na laptopu kuliko kwenye ruta. Simu zenye Android 6 ziliguswa vibaya kuliko nyingi. Simu ya mdogo wako ni ya toleo gani?

#16 mtoto_wa_mwalimu

Saba. Sasisho la mwisho la usalama limeandikwa Machi 2018, nimeangalia sasa hivi.

Printa iko kwenye waya. Nilinunua mita kumi mjini, nikaupitisha juu ya mlango, nikaupigilia kwa vishikizo vidogo ili mama asijikwae. AES imerudi peke yake. Leo ameprinti kutwa nzima bila kukwama, na wale wanafunzi wa fomu wamekuja wote watatu.

Mzee amekubali mpya, lakini baada ya mavuno. Kigezo gani Kariakoo?

#17 fundi_waya

Machi 2018 ni baada ya dawa, simu ya dogo iko salama kwa hilo.

Mpya: boksi liandikwe WPA3. Tangu Julai 2020 nembo ya Wi-Fi haitolewi bila hiyo, lakini madukani bado kuna mali ya zamani na isiyo na nembo. WPA3 inamzuia yule wa kunasa na kujaribia nyumbani, kila jaribio lazima alifanye mbele ya ruta. Uliza kama ruta imefungiwa laini ya kampuni moja. Mtoa huduma wenu hahitaji kujua: hii ya zamani mnazima Wi-Fi yake, mnaiacha ipokee intaneti tu, mpya inaungwa nyuma yake kwa waya. Na itenge mtandao wa wageni, wateja wa mama waingie huko.

#18 mama_kilakala

Samahani nimechelewa, nimesoma uzi wote. Yangu kwenye orodha kuna WEP tu na "hakuna usalama". Hakuna WPA popote. Nifanyeje?

#19 fundi_waya

Dada, hiyo usiifanyie kitu kwa Wi-Fi. Ingia leo, zima redio yake ya Wi-Fi, tumia matundu ya waya. Ikiwa ina sehemu nne za waya nyuma bado ni kigawanyio kizuri cha kompyuta za mezani. Nitumie picha ya karatasi iliyo chini yake hapa hapa, ila ufunike kwa kidole PIN, kama ipo, na namba ya mfululizo kabla ya kupiga.